Jumapili Mchana Wageni Wale Wapi

Neema na wenzako wa kaunta,

Siku mliyoniaga kwa keki na doti ya kanga mliniomba niwaachie ujuzi wangu, nami nikakubali kwa kichwa kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa muda ninao. Nyumba yangu hii ya Nzuguni ina vyumba vitatu na mtu mmoja, na mtu huyo akishafagia uwanja na kumwagilia mchicha wake, anakuta asubuhi bado haijaisha. Kwa hiyo nimekaa kuandika. Habari za vyeo msizitafute humu, maana nilianza mapokezi na nimestaafu nikiwa mapokezi. Nitawaeleza wageni wa harusi, ambao ndio waliokula miaka yangu, halafu mwishoni nitawaomba jambo moja. Someni mpaka huko, hata wateja wakiwakatiza.

Nilitoka Kondoa nikiwa nimeachika, na mtoto mmoja wa kike, Rukia. Nilimwacha kwa mama yangu nikisema ni mpaka nitakapojipanga. Nyumba ya wageni ilikuwa hiyo hiyo mnayoijua, karibu na stesheni, ila ilikuwa na vyumba vichache na bomba moja la nje. Dodoma yenyewe ilikuwa mji mkuu kwa jina tu. Wageni wa Dar es Salaam walikuwa wakishuka kwenye treni, wanatazama kulia na kushoto, halafu wananiuliza mji uko wapi. Nilikuwa nawajibu kwamba wameshaupita kidogo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Gabrieli, Msandawe wa Farkwa, mtu mfupi aliyepiga pasi mpaka leso. Alipozungumza lugha yao kwenye simu ya mezani, na vile vidoko vya ulimi, wageni waliacha kuandika majina yao wakabaki kumsikiliza. Akikata simu anawauliza kwa Kiswahili kilichonyooka kama wangependa chumba cha mbele au cha nyuma. Kitu cha kwanza alichonikabidhi ni pasi. Aliniambia mgeni wa harusi huvumilia godoro baya na maji ya baridi, lakini ikifika Jumamosi mchana akakosa pasi, hugombana na dunia nzima. Kitu cha pili kilikuwa kopo la pini, sindano na uzi. Sare za harusi hushonwa na mafundi wenye wateja wengi na siku chache, na huachia pale pale mwenye sare anapoinama kufunga viatu. Nimewahi kumshona mchungaji suruali akiwa ameivaa, yeye akitazama ukutani na mimi nikitazama sindano. Kopo hilo liko droo ya chini, upande wa kushoto. Msiliazime kwa mtu.

Somo kubwa la Mzee Gabrieli lilikuwa hili: mgeni wa harusi si mtalii. Mtalii amekuja kuuona mji. Mgeni wa harusi amekuja kuonana na ndugu zake, na ndugu zake hawana nafasi naye. Kamati ya harusi inamfukuza mpambaji, mpambaji anamfukuza mwenye jenereta, na bibi harusi amefungiwa saluni. Mgeni amekaa kitandani na begi lake, amevaa vizuri, hana pa kwenda. Saa hizo zote ni zetu. Ukimpa mahali pa kula na kitu cha kutazama, atasema harusi ilifana, hata kama ukumbini hakuona chochote isipokuwa mgongo wa mpiga picha.

Basi andikeni haya. Wakifika Ijumaa msiwapeleke mbali. Jua likianza kupoa waelekezeni Mlima Simba, wapande polepole, mji wote wauone pale juu. Wavae raba. Niliwahi kumpokea dada mmoja aliyerudi na kiatu kimoja, kisigino cha kingine kimebaki kwenye ufa wa jiwe, na kamati ikatafuta kiatu cha dhahabu mji mzima. Jumamosi asubuhi ni Msalato, mnadani. Mgeni achague nyama ya mbuzi kwa macho yake, aione ikikatwa, asimame nayo mpaka motoni, maana nyama ya mnadani ukiipa kisogo hubadilisha mwenyewe. Avae nguo asiyoipenda. Upepo wetu hauulizi mtu kama anakwenda harusini.

Zabibu wanunue siku ya kuondoka tu, na wazile njiani. Wanaotaka michoro ya mapangoni kule Kolo watenge siku nzima, na kamwe isiwe siku ya harusi yenyewe. Mpambe mmoja wa bwana harusi alikwenda asubuhi "mara moja tu", gurudumu likapasuka, akaingia kanisani wakati watu wanatoka. Wenye gari wanaorudi upande wa Morogoro waambieni wanunue karanga Kibaigwa, kule Kongwa. Wazungu walikuja Kongwa zamani na matrekta yao kulima karanga, wakashindwa wakaondoka, na kina mama wa pale wanaendelea kukaanga karanga barabarani kama hakuna kilichotokea. Wageni huipenda sana hadithi hiyo, hasa wakiwa wanatafuna.

La mwisho, na hili msilisahau hata mkisahau mengine: walisheni kabla ya ukumbi. Kadi hata iseme nini, chakula huja baada ya keki, keki huja baada ya zawadi, na zawadi huletwa kwa kucheza. Mgeni mwenye njaa hucheza vibaya na kusengenya vizuri.

Sheria ya Mzee Gabrieli ilikuwa moja tu, na aliitamka siku yangu ya kwanza kabla sijavua hata mtandio wa safari. Aliniambia, "Mgeni akikuuliza akale wapi, usimtaje ndugu yako."

Baadaye nilijua ilikotoka. Mdogo wake alikuwa na banda la nyama choma, na Mzee Gabrieli alimpelekea wageni wa harusi kundi zima. Moto ukachelewa, nyama ikachelewa, wageni wakakosa ndoa yenyewe, na wazee wa pande zote mbili wakaja kaunta kusema naye. Yeye akaenda kusema na mdogo wake. Maneno yalizidi. Tangu siku hiyo hawakukaa meza moja tena, na ile simu ya vidoko alikuwa akimpigia shemeji yake kuulizia mdogo wake anaendeleaje.

Nikaishika sheria hiyo kama dini. Shangazi yangu alikuwa na mgahawa Majengo, na mlenda wake wageni wangeupigia magoti. Sikumpelekea mgeni hata mmoja, naye alinikumbusha hilo kila Idi. Nilijiona mtu wa haki. Wenye migahawa walijua siwezi kushawishiwa, na wageni walijua nikisema mahali ni pazuri, basi ni pazuri kweli, sina mtu wangu jikoni.

Mgeni aliyenishinda alikuwa mzee mmoja wa Mlali. Alikuja harusi ya mjukuu wake. Nyumba ya mwanawe ilikuwa imejaa mashangazi, kwa hiyo wakamleta kwetu, chumba kizuri, kimelipiwa, kina feni. Mzee akakitazama, akaweka fimbo yake kitandani, akarudi kukaa kwenye benchi mbele ya kaunta. Nikamwamkia, nikaanza kumpangia mji. Mnadani hakutaka, akasema mbuzi anao kwake. Mlimani hakutaka, mawe anayo kwake. Nikamwambia kuna mahali wanapika samaki wazuri, akasema samaki ana miiba na yeye hana meno. Nikacheka, yeye hakucheka. Alikaa pale Ijumaa yote na asubuhi ya Jumamosi, kila gari likisimama nje ananyoosha shingo.

Mwishowe akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mtu akija kwa mwanawe, anapelekwa gesti?"

Nilimletea chai, nikakaa naye kwenye benchi, jambo ambalo Mzee Gabrieli alikataza, na sote wawili tukawa tunatazama mlango. Mwanawe alikuja kumchukua jioni, suti imempendeza, akanishukuru sana kwa kumtunzia baba. Nilimlaumu moyoni yule mwana kwa muda mrefu. Niliona ni habari za watoto wa siku hizi.

Kazi hii, mnajua wenyewe, inakula Jumamosi, na Jumapili, na Idi, na Krismasi. Watu wengine wakikusanyika kwao, sisi tunawapokea. Rukia akakulia Kondoa kwa bibi yake. Nilikuwa nikipanda basi Jumatatu nikipata ruhusa, na gauni ambalo kila mara lilimtosha mtoto wa mwaka jana. Alikuwa akinishukuru kwa adabu, halafu anarudi kukaa karibu na bibi. Alisoma, akaenda Dar es Salaam, akapata kazi, akapata mchumba, Hamza, kijana mpole wa Tanga. Harusi ikafanyika huko huko Dar es Salaam. Nilifika Ijumaa, nikapewa chumba pamoja na wageni wengine wa mbali, na kijana wa kamati akaniletea maji ya chupa akanieleza ufukwe mzuri wa kutembelea. Nikamwambia asante mwanangu. Niliona kwamba hakunikumbusha kula kabla ya ukumbi, na kweli siku ile nililala na njaa.

Mama yangu alipofariki, nyumba ya Kondoa ikafungwa, na mimi na Rukia tukabaki na simu. Habari za kwenu, nzuri, mtoto hajambo, mvua imenyesha, haijanyesha. Mtoto wao wakamwita Salma, jina la mama yangu. Nilifurahi, na siku hiyo nikalia pia.

Mwaka huu, miezi michache baada ya keki yenu, Rukia akanipigia. Mfanyakazi mwenzake anaolewa Dodoma, wanakuja wote watatu, hoteli kamati imeshalipia, ile mpya upande wa pili wa mji. Akasema, "Mama, wewe ndiye mwenyeji. Tupangie."

Nilipanga kama sijawahi kupanga. Huku nyumbani nikaanika godoro. Nikaagiza mlenda wa kukausha kutoka Kondoa, nikasagisha uwele, nikamwekea jirani oda ya jogoo. Nikanunua kikombe cha plastiki chenye picha ya twiga. Rukia hajawahi kuiona nyumba hii, kwa sababu niliimalizia nikiwa naelekea kustaafu, na Hamza hajawahi kuvuka kizingiti changu chochote.

Ijumaa nikawafuata hotelini. Tukakaa pale mapokezi kwenye makochi, wakaniagizia soda. Salma alijificha nyuma ya mama yake, akasukumwa kidogo, akasema shikamoo bibi, akarudi mafichoni. Hamza alikaa mbali kidogo, macho chini, mkwe mwenye adabu zake. Nikawaeleza mlima, nikawaeleza mnada, nikawaeleza upepo, nikawaambia wale kabla ya ukumbi. Rukia alikuwa akicheka. Akasema sasa ameelewa kwa nini watu wa Dodoma wote wananijua. Kisha akamtazama mumewe, akanitazama mimi.

"Na Jumapili mchana, mama, kabla hatujaondoka. Tule wapi?"

Wote watatu walikuwa wakinitazama, hata mtoto. Maneno niliyokuwa nimeyabeba toka nyumbani yalikuwa yamefika kwenye meno. Lakini mdomo wa kazini ukatangulia. Nikawatajia mgahawa mmoja wa katikati ya mji, samaki wa kuchoma, chipsi za mtoto, mahali pa kuegesha gari pako wazi. Niliwasifia mpaka na kachumbari.

Mnaweza kuniuliza kwa nini. Nimejiuliza sana. Mazoea yalikuwepo, hilo la kwanza. Mtu akiniuliza pa kula, mimi hupita juu ya kila kilicho changu bila kukiona. Lakini pia niliogopa. Nilifikiri: akitaka kuja kwangu atasema mwenyewe, sitaki aje kwa kusukumwa kama Salma alivyosukumwa kunipa shikamoo. Sikumlea. Nilimpelekea magauni. Nitamwambia vipi njoo nyumbani, wakati nyumbani kwake palikuwa Kondoa kwa bibi?

Rukia akasema, "Haya, mama." Akaniomba niungane nao huko mgahawani. Nikamwambia nina kazi nyumbani. Kazi yenyewe ilikuwa kuwasubiri.

Maana Jumapili nilipika. Nilijiambia labda watapita kuaga. Nilichinja jogoo, nikasonga ugali wa uwele, nikapanga sahani nne mezani, na kikombe cha twiga. Kila gari lililopita barabarani nilinyoosha shingo, na mara moja nikamkumbuka yule mzee wa Mlali, nikakaa chini.

Simu ililia jua likiwa limeshainama. Walikuwa Kibaigwa, wamesimama kununua karanga. Rukia akaniambia mgahawa ulikuwa mzuri sana, Salma amemaliza sahani, Hamza anashukuru. Nikasema vizuri. Nikasikia akisogea pembeni, sauti za wauza karanga zikabaki nyuma.

"Mama, mbona hukutualika kwako?"

Nikamwambia, "Si mngekuja tu, mwanangu. Ni kwako pia."

"Hamza ni mkwe, mama. Mkwe hajipeleki nyumba ambayo mama mkwe hajamwita. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri, utatuita mwenyewe. Niliuliza tule wapi mbele yake makusudi, ili useme." Akaongeza, "Tukadhani hupendi tuje."

Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Nikamwambia nimepika. Nikasikia mtoto akiuliza kama ni bibi, na Rukia akimjibu kwamba ndiyo ni bibi, kisha akaniambia Hamza ana kazi kesho asubuhi, hawawezi kugeuza. Walipofika Dar es Salaam aliniandikia ujumbe kwamba wamefika salama.

Kinyozi hajinyoi, wahenga walishasema, nami nilidhani walikuwa wanamtania kinyozi. Yule jogoo nilimla siku kadhaa, nikimpasha moto. Nikawa namfikiria Mzee Gabrieli, ambaye Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mzuri na mwalimu wa kweli, lakini ile sheria yake ilikuwa kidonda cha kwake na mdogo wake. Alikipiga pasi kikanyooka, akanikabidhi, nami nikakivaa maisha yangu yote nikidhani ni hekima. Laiti angepanda bajaji siku moja akaenda kula nyama ya mdogo wake, mbichi au iliyoiva.

Baadaye nilimpigia Rukia nikawaalika rasmi, yeye na Hamza, kwa maneno yote yanayotakiwa. Akasema inshallah, likizo. Likizo ya kwanza imepita, Salma alikuwa na homa. Ya pili sijui. Simlaumu. Mimi pia niliwahi kusema mpaka nitakapojipanga.

Sasa ombi langu. Wafanyakazi wenzake Rukia ni vijana, na vijana huoa na kuolewa, na wengine kwao ni Dodoma. Atakuja tena siku moja na harusi ya watu, na safari hii kamati inaweza kumleta kwenu. Ni mrefu, ana mwanya wa juu kama wangu, na mtoto wake hujificha nyuma ya gauni. Atakuuliza, Neema, Jumapili mchana wale wapi. Usimtajie samaki. Mwambie achukue bajaji mpaka Nzuguni, apite viwanja vya Nanenane, akate kushoto kwenye mashine ya kusaga, ahesabu mageti mpaka aone la buluu lenye mchicha pembeni. Asinipigie simu kwanza, asije akanipa nafasi ya kusema nina kazi. Mlenda upo, kikombe cha twiga kipo, nami nipo.

Na yule mwanamume atakayesimama nyuma yake, macho chini, kwa heshima, mwambieni mama mkwe ameshamwita.